Pikapu ya Safari Ndefu: Anza na Mizani

Pikapu nyingi za safari huanza kuharibika kabla hazijatoka mjini. Mwenyewe amekwisha kufunga bampa ya chuma, winchi, hema juu ya paa, droo za mbao nyuma, friji, na safu ya taa zinazotosha kumulika uwanja wa mpira. Gari limekaa chini kwa nyuma, pua imenyanyuka, na bado hajaweka maji, mafuta wala watu. Ndipo fundi anaitwa. "Fundi, mbona limelala?" Na fundi hujibu kama mafundi wote: "Bosi, tuongeze springi mbili tu, litasimama."

Litasimama kweli. Ila breki ni zilezile, beringi ni zilezile, na chesisi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa huoni tena kuwa limezidiwa.

Makala haya ni ya mtu anayetaka pikapu moja ya kwenda mbali kwa njia za vumbi, mchanga na tope, kulala porini, na kurudi na gari lilelile. Ushauri wangu wote unasimama juu ya maswali mawili: spea za gari hilo zinapatikana wapi, na gari linabeba kilo ngapi. Taa na rangi ni hiari yako.

Kwanza jua unakwenda wapi

Barabara za Afrika Mashariki zimebadilika kuliko hadithi zake. Dar es Salaam mpaka Sumbawanga ni lami. Isiolo mpaka Moyale, njia ambayo zamani ilikuwa ikivunja malori, ni lami pia. Mtu anayezunguka kwa lami na changarawe wakati wa kiangazi hahitaji gari la vita. Pikapu ya kawaida isiyo hata na foo wili, yenye tairi nzuri na dereva mwenye subira, itamfikisha sehemu nyingi.

Foo wili na matayarisho ya kweli yanahitajika kwenye mambo matatu. La kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Katavi na bonde la Rukwa, ambako mvua huanza karibu Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Udongo huo ukilowa hujaza meno ya tairi na kuligeuza kuwa gurudumu laini, na hakuna gari linaloudharau. La pili ni mchanga: mito mikavu na fukwe. La tatu ni mawe. Ukitoka Marsabit ukapita jangwa la Chalbi na North Horr mpaka Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, unakanyaga mawe meusi ya volkano yenye ncha, na hayo hayatoboi tairi pale linapokanyaga. Hulichana ubavuni, mahali pasipozibika.

Kwa hiyo usinunue gari la mawe ya Turkana kama safari zako ni Iringa na Ruaha mwezi wa Agosti. Utalipa mafuta ya ziada kila kilomita.

Gari lenyewe

Toyota Hilux na Land Cruiser 79 zinatajwa kwanza kwa sababu moja tu ya maana: fundi wa Mpanda, Lodwar au Kigoma ameshazifungua. Zinatumiwa na polisi, hospitali, miradi ya maji, wafanyabiashara wa mifugo. Isuzu D-Max iko karibu nazo, hasa Kenya, ambako Isuzu inaunganisha magari Nairobi na ina wateja wengi wa shamba na serikali. Ford Ranger, Mitsubishi L200 na Nissan Navara ni magari mazuri barabarani, na Ranger ndani ina raha kuliko zote nilizotaja. Lakini kabla ya kulipa, piga simu duka la spea la mji wa mbali zaidi utakaofika. Uliza bushi za springi, beringi ya gurudumu la mbele, pampu ya maji na diski ya klachi za gari hilo. Wakikwambia "tunaagiza Dar" au "inatoka Nairobi kwa basi," umeshajua siku ngapi utakaa gesti.

Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ina sentimita za ujazo 4,164, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Haina haraka. Mlimani utapitwa na mabasi. Lakini haina kompyuta ya kuisumbua, tangi lake la kawaida ni lita 130, na dizeli mbovu inaivumilia kuliko injini yoyote ya kisasa. Ubaya wake ni bei, ulaji wa mafuta, na kiti ambacho kitakukumbusha mgongo wako. Hilux ya miaka ya 2005 hadi 2015, ile wanayoiita Vigo, huja na injini ya lita 2.5 au 3.0 ya D-4D. Hizi zina nguvu na zinakula kidogo, ila nozeli zake zinataka dizeli safi. Pia zina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na kitabu cha gari, na ukikatika injini inapata hasara kubwa. Ukinunua iliyotumika bila ushahidi wa mkanda kubadilishwa, ubadilishe wewe kabla ya safari. Hilux iliyofuata, ya kuanzia 2015, ina injini za 2.4 na 2.8 zinazotumia cheni badala ya mkanda.

Jambo moja la kuwa nalo kichwani ukiwa yadi: Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni humo mpaka 2017. Kwa hiyo ukioneshwa Hilux ya 2010 na dalali akakuapia kuwa ilimilikiwa na mzee mmoja wa Tokyo, muulize vizuri. Zile za usukani wa kulia za miaka hiyo hutoka zaidi Thailand, Uingereza, Australia au Afrika Kusini. Za Uingereza zikague chini kwa makini maradufu, kwa sababu barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chumvi hula chesisi. Zile mpya za Ulaya zina tatizo jingine: kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na nyingine hudai kimiminika maalumu cha kusafishia moshi. Dizeli ya dumu na mwendo wa polepole porini huziba kichujio hicho, na taa ikiwaka uko mbali na fundi mwenye kompyuta, gari hujipunguzia nguvu lenyewe. Liepuke gari la namna hiyo kwa safari hizi.

Msomaji wa Kenya akumbuke kuwa gari lililotumika haliingizwi nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania unaweza kuingiza la zamani zaidi, lakini TRA wanatoza ushuru wa uchakavu, na mara nyingine ushuru huo unafuta nafuu yote uliyodhani umeipata.

Singo kebini au dabo kebini? Kwa watu wawili, singo au ile yenye nafasi ndogo nyuma ya viti ni bora: bodi ni ndefu, na mzigo unakaa mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake. Dabo kebini ina bodi fupi inayoning'inia nyuma ya ekseli. Ukijaza mzigo mzito kwenye ncha ile, kila shimo huupandisha na kuushusha, na nguvu yote huishia pale kebini inapokutana na bodi. Hapo ndipo chesisi za dabo kebini hupinda.

Kulikagua lililotumika

Fika asubuhi na mapema, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Likiwa la moto, mtu ameficha ugumu wa kuwaka. Liwashe mwenyewe, mtu mwingine akae nyuma aangalie moshi: mweupe unaodumu, mweusi mzito, au wa bluu, kila mmoja una maana yake na hakuna ulio mzuri. Legeza kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa pumzi nzito, pistoni na ringi zimechoka.

Kisha vua shati zuri uingie chini. Usitegemee macho tu, chini ya gari kuna rangi mpya nyingi kuliko ukweli. Pitisha kiganja kwenye chesisi kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele mpaka mwisho, pande zote mbili. Unatafuta mshono wa kuchomelea, sehemu iliyovimba kwa kutu, na hasa nywele za ufa nyuma ya kebini na kwenye mabano ya springi. Gonga kwa bisibisi: chuma kizima hulia, kilicholiwa hufifia. Angalia pengo kati ya kebini na bodi ukiwa umesimama pembeni. Likiwa pana juu na jembamba chini, au kinyume chake, chesisi imepinda na dalali anajua.

Foo wili ijaribiwe kwenye vumbi au mchanga, si kwenye lami ya yadi. Ingiza hai (4H), kisha lo (4L), nenda mbele, rudi nyuma, sikiliza. Mafundi wengi watakwambia gari lililokaa miaka bila kuingizwa foo wili ni la bahati. Mimi nasema nyaya na sili zake zimekauka. Hakikisha pia namba ya chesisi inafanana na ya kwenye kadi, na mwenye jina kwenye kadi ndiye anayeuza.

Hesabu ya kilo

Kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti kuna kibati cha mtengenezaji. Kinaonesha uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na watu, mafuta na mzigo. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho chako. Dabo kebini nyingi za aina ya Hilux hubakiwa na kilo 900 hivi. Inaonekana nyingi. Tuitumie.

Watu wazima wanne, 300. Kanopi ya kufunika bodi, 80. Hema la paa, 60. Bampa ya chuma, 60. Winchi na waya wake, 35. Tairi la akiba la pili, 35. Friji na vilivyomo, 40. Betri ya pili, 25. Droo, 60. Maji lita 60 ni kilo 60. Dizeli ya ziada lita 40 na madumu yake, 42. Jeki, zana na kamba, 40. Chakula, vyombo, nguo na magodoro, 80. Jumla ni 917, na hakuna aliyeomba kupakia gunia la mchele njiani, jambo ambalo kwetu haliepukiki.

Ondoa bampa, winchi na droo. Zimeondoka kilo 155, na hujapoteza chochote unachokihitaji kufika. Badala ya droo tumia masanduku mawili matatu ya plastiki yenye mfuniko, yafungwe kwa mikanda kwenye pete za bodi. Vumbi haliingii, na ukifika kambini unashusha sanduku zima la jikoni kwa mkono mmoja. Winchi ninaielewa kwa mtu anayesafiri peke yake kwenye tope la Katavi mwezi wa Februari. Kwa wengine wote, fedha hiyo inunue tairi.

Usiamini hesabu ya karatasi peke yake. Pakia gari kama la safari, weka watu, jaza tangi, uliendeshe mpaka kwenye mizani ya kupimia magari. Vinu vya pamba na wanunuzi wakubwa wa chuma chakavu wanazo, na ukiomba kwa upole utapimiwa kwa fedha kidogo. Pima gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake, kwa kuwa ekseli nayo ina kikomo chake. Uzito una hesabu yake hata langoni: kwenye hifadhi za taifa za Tanzania (TANAPA) ada ya gari hutegemea uzito wa gari tupu na nchi lilikosajiliwa.

Namna ya kupanga ni rahisi kusema: kizito kikae chini na kisogee kebini. Maji yawe sakafuni, yakigusa ukuta wa kebini. Juu ya paa viende vyepesi tu, kama mikeka na turubai. Paa la kebini halikuundwa kubeba mapipa. Kikomo cha gari likiwa kwenye mwendo kwa kawaida ni chini ya kilo 100, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Nimeona madumu manne ya dizeli juu ya paa la gari lililopinduka kwenye kona ambayo basi lilipita.

Springi, shokamzoba na tairi

Fedha yako ya kwanza iende hapa.

Springi zichaguliwe kwa uzito utakaokuwa nao siku zote, si wa siku moja. Ukiongeza jani moja la ziada kwa ajili ya kilo 300 za kudumu, gari litakaa sawa. Ukiongeza matatu kwa sababu ya urefu na sura, likiwa tupu litaruka kwenye kila tuta na nyuma itateleza kwenye changarawe. Majani yakishafungwa, yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Zisipokazwa, senta bolti hukatika na ekseli husogea. Shokamzoba ziwe za gari zito. Kwenye barabara ile yenye vimatuta vidogo kama bati, shoka dhaifu huchemka, huvuja, na baada ya hapo springi hufanya kazi peke yake mpaka ivunjike. Ukisimama kupumzika, zisogelee kwa mkono bila kuzishika. Moja ikiwa baridi wakati wenzake ni wa moto, hiyo imekufa.

Tairi kwanza liwe saizi inayopatikana. 7.50R16 za Land Cruiser utazipata karibu kila mji, kwa sababu malori madogo nayo hutumia saizi hizo. Saizi za kifahari za rimu 18 na 20 ziache mjini, kwa kuwa ubavu wake ni mfupi na hazina nafasi ya kupunguzwa upepo. Soma ubavuni. Namba ya uzito 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250. Herufi LT au C ni tairi la mzigo. Mwishoni mwa alama ya DOT kuna tarakimu nne: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi jipya dukani lenye miaka saba si jipya.

Meno makubwa ya tope hupiga kelele na kula mafuta. Kwa safari za mchanganyiko, meno ya kati yanatosha, ilimradi ubavu uwe mnene.

Kilicho muhimu kuliko meno ni upepo, na hapa ndipo madereva wengi wanagoma. Gari lililopakiwa kwenye lami litataka psi 40 hadi 45 nyuma. Kwenye changarawe ndefu shusha mpaka 28 au 30. Gari litatulia, mawe hayatachoma kirahisi, na mgongo utakushukuru. Kwenye mchanga mzito shusha mpaka 16 au 18, usikate kona kwa ghafla, usikanyage breki kwa nguvu. Gari lililokuwa likijichimbia litatembea juu ya mchanga uleule. Ukirudi kwenye lami jaza kabla ya kupita kilomita 40 kwa saa, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo wa kasi huchemka na kupasuka. Hivyo unahitaji kipimo cha upepo chako mwenyewe na pampu ndogo ya umeme. Pampu ifungwe moja kwa moja kwenye betri. Soketi ya kiberiti itakata fyuzi tairi la pili halijajaa.

Beba vifaa vya kuzibia tairi kwa kamba, na ujifunze kuvitumia nyumbani. Beba pia tyubu moja ya saizi yako. Tairi likichanika ubavuni mbali na mji, kipande cha tairi kuukuu ndani na tyubu juu yake vitakusogeza polepole mpaka kwa fundi.

Ukikwama

Foo wili haitumiki kwenye lami kavu kwa magari haya, kwani hubana mfumo na kuvunja gia. Iingize kabla ya tope, sio ukiwa ndani yake. Ukishaona gurudumu linachimba, acha mafuta. Kila sekunde ya kukanyaga ni dakika kumi za chepe.

Shuka, chimba mbele ya magurudumu yote, punguza upepo, weka mbao au mabati magumu ya kukanyagia. Kwa jeki ya chupa beba ubao mnene wa kuiweka chini, vinginevyo itazama yenyewe. Mara nyingi gari hutoka kwa mambo haya manne.

Likishindikana na likahitaji kuvutwa, hapo ndipo watu hufa, nasi tulichukulie hivyo. Chini ya magari yaliyokuja kwa meli kuna vijipete vya kufungia gari lisisogee melini. Hivyo si vya kuvutia. Vinang'oka na kuruka kama risasi. Lile tufe la kuvutia trela nalo halifai kufungwa kamba ya kuvutia gari lililokwama. Likikatika hupita kwenye kioo cha gari lingine. Funga ndoano za kuvutia zilizobana kwenye chesisi kwa bolti za daraja la juu, mbele na nyuma, zifungwe na fundi anayejua anachokifanya. Kamba iwe ya nailoni inayonyumbuka, ambayo hutoa gari kwa mvuto laini, na iwe na uzito wa kukatika ulioandikwa juu yake. Weka koti zito au gunia la mchanga katikati ya kamba. Watazamaji, ambao kwetu hawakosi hata porini, wakae mbali kuliko urefu wa kamba mara moja na nusu. Ukiona kijana ameichuchumalia kamba apige picha, simamisha kila kitu.

Mto. Usiingie usipoweza kuuvuka kwa miguu kwanza, na usiuvuke kwa miguu penye mamba. Mkonga, lile bomba la hewa linalopandishwa mpaka usawa wa paa, unasaidia injini isinywe maji na unaipa hewa yenye vumbi pungufu, basi. Haulizuii gari kuelea, na hauzuii maji kuingia kwenye difu. Difu ya moto ikiingia maji baridi hunyonya kupitia tundu lake la kupumulia, kwa hiyo tundu hilo liongezewe mpira mpaka juu ndani ya boneti. Ni kazi ya saa moja na mpira wa bei ndogo, na ina faida kuliko mkonga kwa wengi wetu.

Mafuta, maji, umeme

Usibebe dizeli kwa woga. Hilux yenye lita 80 ikila lita 13 kwa kilomita 100 ina zaidi ya kilomita 600. Toa robo ya akiba, bado inatosha njia nyingi. Njia ya Marsabit, Chalbi, Loiyangalani mpaka Maralal ni mfano wa ile inayotaka madumu mawili, kwa sababu mchanga na mawe hupandisha ulaji na mafuta ya njiani huuzwa kwa bahati. Ukinunua ya dumu, ichuje kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, uiache itulie, na umwage kile cha chini. Taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka, fungua kifundo chini ya filta siku hiyohiyo. Beba filta mbili za dizeli.

Maji ya kunywa weka lita tano kwa mtu kwa siku kwenye joto, na yagawanye kwenye vyombo viwili au vitatu. Dumu moja likipasuka hujapoteza yote.

Umeme ukiulegeza ni moto. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Friji ya volti 12 kwenye joto hula kati ya ampea-saa 25 na 40 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo ina siku moja na kitu. Ukikaa kambini siku tatu bila kuwasha gari, paneli ya jua ya wati 100 inakupa nafasi ya kupumua. Na jiulize kama friji unaihitaji. Samaki wa kukausha, maharage na unga vimewafikisha watu mbali zaidi.

Karatasi na majaribio

Kwa mipakani beba kadi halisi ya gari, au barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili kama si lako, na kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inashiriki ingawa si mwanachama. Uliza ada za barabara na kibali cha muda cha forodha kabla ya kufika, si dirishani. Kizima moto, pembetatu mbili na sanduku la huduma ya kwanza viwe mahali unapovifikia bila kushusha mzigo. Ukiingia Rwanda, Burundi au Kongo, unahamia mkono wa kulia wa barabara. Kwa usukani wa kulia, abiria wa mbele ndiye jicho lako la kupita malori, mchague asiyelala.

Kabla ya safari yenyewe, toka na mzigo wote siku mbili kwenda mahali pabaya palipo karibu, lala huko, pika huko, badilisha tairi moja usiku kwa tochi ingawa halina pancha. Utagundua spana ya magurudumu haiingii kwenye nati za rimu mpya, jeki haifiki, na kibiriti kimefungiwa chini ya kila kitu. Ukirudi, kaza yu-bolti, kaza keria, angalia kila bolti uliyofunga wewe au fundi wako, tazama kama oili imevuja kwenye shoka na sili za magurudumu. Kisha shusha kila kitu sakafuni na utenge kile ambacho hukukigusa. Zana, spea, kamba na dawa virudi garini. Vingine vyote viache nyumbani, upite tena kwenye mizani.